Miaka Yangu na Vita vya Makanisa

Nimestaafu mwezi wa sita, wakati jua la Nizwa linalainisha lami, na wiki ya pili yake wakanijia nyumbani walimu watatu vijana wa historia, na keki na ombi. Keki tuliimaliza. Ombi ndilo hili: niandike niliyoyaona darasani, wapate kuyasoma wao wanaoanza. Walitaka niandike kwa Kiarabu. Nikawaambia Kiarabu nimekiandika maisha yangu yote ya kazi, mitihani na ripoti na barua za kujieleza. Haya nitayaandika kwa lugha ya mama yangu, na asiyeiweza amkalishe bibi yake amsomee. Wawili wakacheka. Wa tatu, ambaye bibi yake ni jirani yangu, akasema, "Bibi atakubali, ustadha, lakini atakusahihisha."

Basi na anisahihishe. Vyeo sitoviandika, kwani vimo kwenye faili, na mishahara kila mtu anaijua. Nitaandika darasa tu.

Nilifundisha historia ya Ulaya kwa wasichana katika miji mitatu ya Oman: Ibra kwanza, kisha Sur, kisha Nizwa mpaka mwisho. Sehemu yangu khasa ilikuwa ile inayowachosha walimu wengi, yaani namna dini, vita na kuhama kwa watu kulivyoifanya Ulaya kuwa hivi ilivyo. Katika arusi na katika misiba nimeulizwa swali moja: mtoto wa Sharqiyah, kule mashariki ya Oman, ana haja gani na ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti waliokwisha kufa zamani? Mwanzoni nilikuwa sina jibu. Nililipata baadae, na halikutoka kinywani mwangu.

Mimi nimezaliwa Wete, Pemba, nikaja Oman na mama yangu nina miaka kumi na moja. Kiarabu nilikiokota barabarani na skuli, na mpaka napewa kazi kilikuwa bado kina viraka. Siku ya kwanza Ibra niliingia darasani na chaki mpya mkononi na hotuba niliyoikariri wiki nzima. Hotuba ikanitoka kichwani. Nikaona bora niwavute kwa kisa, nikasema kwa Kiarabu changu, "Leo nina hadithi ya mfalme wa Ufaransa."

Kwetu hadithi ni kisa chochote, hata cha sungura. Kwao ni maneno ya Mtume, yanayopimwa na wanazuoni. Wasichana wakaangaliana. Kisha msichana wa mstari wa mbele, kwa adabu kabisa, akanyoosha kidole.

"Ustadha, hadithi hii ni sahihi au dhaifu?"

Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Nilitoka pale nikiamini kazi yangu imeanza na kumalizika siku moja. Aliyenikuta chumba cha walimu nimekaa na buibui langu usoni alikuwa Ustadha Ihsan, Msudani, mwanamke mrefu, amejitanda nguo nyeupe, aliyekwisha kufundisha kabla mimi sijazaliwa, au ndivyo alivyopenda kusema. Nilimsimulia. Hakunipoza hata kidogo.

"Ungemjibu dhaifu," alisema. "Habari nyingi za wafalme ni dhaifu. Kwani nani kakwambia uanze na mfalme?"

"Kitabu kimeanza naye."

"Kitabu hakina wasichana arubaini mbele yake. Sikiliza, binti. Mfalme hafungi mzigo. Wewe anza na anayefunga mzigo. Kachukua nini, kaacha nini, na huko alikokwenda nani kamfungulia mlango. Ukishamjua huyo, mfalme utamweleza kwa dakika tano, na dakika tano zinamtosha."

Hilo ndilo somo la ualimu nililosoma. Chuo nilikwenda, cheti ninacho, lakini somo lilikuwa hilo.

Wiki iliyofuata nilianza na familia moja ya Waislamu wa Hispania. Niliwaeleza wasichana kuwa nchi ile ilipochukuliwa yote na wafalme Wakristo, Waislamu waliobaki walilazimishwa kubatizwa. Wakaishi miaka mingi kwa majina ya Kikristo nje na kwa majina yao ndani. Wengine Kiarabu kiliwatoka kabisa, wakawa wanaandika Kihispania kwa herufi za Kiarabu. Vitabu vyao wakavificha ndani ya kuta, wakapiga lipu juu yake. Mwishoni wakafukuzwa hata hao waliobatizwa, wakavushwa bahari na kile wanachoweza kubeba, na vitabu vikabaki ukutani. Karne zikapita, watu wakabomoa nyumba, vikaonekana. Vingine viliungua kabla hajatokea mtu wa kujua ni nini.

Hakucheka mtu. Yule yule msichana wa mstari wa mbele akauliza, "Ustadha, sasa wajukuu zao wako wapi?" Nikamwambia wengi walikwenda Afrika ya Kaskazini, na huko nako hawakupokewa wote kwa furaha, maana walivaa kama Wahispania na kusema kama Wahispania. "Kumbe kule waliitwa Waislamu na huku wakaitwa Wahispania," akasema. Mimi Pemba niliitwa Mwarabu, na Ibra nikaitwa Mzanzibari. Sikumwambia. Niliandika tarehe ubaoni, na hata hiyo niliikosea.

Ibra nilikaa miaka minne. Ustadha Ihsan alirejea kwao, akaniachia kalamu yake ya wino mwekundu na onyo: nisiitumie kwa hasira. Mimi nikahamishiwa Sur.

Sur kulikuwa hakuna ramani ya Ulaya, au ilikuwapo moja iliyoliwa na mchwa mpaka Ureno yote. Nikachukua shuka la kitanda, jeupe, nikalitundika ukutani, nikaazima ile mashine ya kuangazia picha kutoka kwa mwalimu wa sayansi, nikaichora Ulaya juu ya shuka kwa wino wa kitambaa. Mume wangu aliuliza tutalalia nini, nikamwambia Ujerumani. Kisha nikanunua nyuzi za kudarizi kofia, za rangi mbalimbali. Kila watu waliohamishwa na dini au vita walipata uzi wao, na wasichana wenyewe ndio walioshona, kutoka mji mpaka mji. Nasema kwenu nyinyi mnaotumia ubao wa kisasa unaowaka: ubao mzuri sana, lakini msichana aliyejidunga sindano kati ya Lyon na Geneva hasahau njia ile.

Wasichana wa Sur walikuwa wafanyabiashara damuni. Nilipofundisha habari za Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, waliokimbia nchi yao baada ya mfalme kuifuta ruhusa ya dini yao, msichana mmoja wa Aija, ng'ambo ya hori, aitwaye Moza akaniuliza walikuwa wakifanya kazi gani. Enzi hizo daraja lilikuwa halijajengwa na Moza alikuja skuli kwa boti, kiatu kimelowa. Nikamwambia wengi walikuwa mafundi: wafuma hariri, watengeneza saa, watengeneza karatasi.

"Na wakenda wapi?"

"London, Berlin, Uholanzi. Wengine mpaka rasi ya kusini ya Afrika."

"Na huko wakafungua kazi zao?"

"Wakafungua."

Moza akaliangalia lile shuka, nyuzi zote zinatoka Ufaransa hakuna hata mmoja unaoingia. "Basi huyo mfalme," alisema, "kawapa wenziwe mafundi bure. Hakuwa na mtu wa kumwambia?"

Nimesoma vitabu vikubwa vya suala hilo na hakuna kilichonipa zaidi ya Moza.

Kosa langu la Sur nalo niliseme, maana kumbukumbu zisizo na kosa ni tangazo. Niliwapenda Wahuguenoti wale mpaka nikawafanya malaika. Msichana mwengine, mkimya, akaniuliza: "Na hao Waprotestanti, walipopata nguvu wao, walifanya nini?" Ilinibidi nikae chini. Nikawaeleza Ireland, ambako Waprotestanti ndio waliowanyang'anya Wakatoliki ardhi na kuwafungia milango ya kazi. Tangu siku ile kila uzi wa waliofukuzwa nilitaka wauangalie na upande wa pili, wapate habari yote. Mwalimu anayependelea upande hugunduliwa na watoto kabla ya mkaguzi.

Sasa nifike Nizwa.

Nizwa ni mji wa elimu na wa dini, na mimi nilikwenda na hofu, na lile shuka langu la ramani. Skuli ilikuwa kubwa na safi. Mudira, yaani mkuu wetu wa skuli, alikuwa Mudira Ghania, mwanamke mwema aliyechukia kelele kuliko kitu chochote. Mwaka wangu wa tatu pale nilikuwa na mwanafunzi aitwaye Azza, kutoka Manah, aliyekuja kila siku kwa basi. Nimefundisha wasichana wengi wenye akili. Azza alikuwa na kitu kingine: alikuwa hakubali jibu mpaka aligeuze upande wa pili.

Siku moja Azza hakuwamo darasani. Nikamkuta maktaba, peke yake, kitabu cha historia kimefungwa mbele yake.

"Baba amesema saa ya historia nikae hapa," alisema. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti haikutetemeka. "Mpaka sura hii imalizike."

Sura hii ilikuwa ile ya vita vya dini vya Ulaya.

Kesho yake baba yake alikuja ofisini kwa mudira. Nilitegemea mtu mkali. Bwana Nasor alikuwa mpole, nguo nyeupe imepigwa pasi, sauti ya chini. Mtu mkali ningemweza. Huyu alinitisha.

"Ustadha, wallahi nakuheshimu," alisema. "Binti yangu anakusifu. Lakini mimi simtaki ajaze kichwa ugomvi wa makanisa. Sisi na wao kila mmoja ana dini yake. Afundishwe mambo ya kumfaa."

"Katika mtihani litakuja suali," nilimwambia.

"Alikose suali hilo. Mengine atayapata."

"Bwana Nasor, simfundishi dini yao. Namfundisha watu walifanyiana nini kwa sababu ya dini, na walivyoacha."

"Na sisi tunahitaji kujifunza hilo kwao?" aliuliza, taratibu, wala si kwa kejeli. Kiarabu changu chote kilikimbia, kama siku ile ya Ibra.

Alipotoka, Mudira Ghania alifunga mlango. Alinionesha nakala ya barua ya Bwana Nasor, iliyokwisha kupelekwa idara ya elimu, akaniambia kwamba mkaguzi atakuja. "Thureya," aliniambia, kwa jina langu, jambo asilolifanya, "iruke sura hii. Wape karatasi wasome nyumbani. Wakisema Mzanzibari anawapoteza wasichana wa Nizwa, mimi sina ngao ya kukukinga. Watakuhamishia maktaba, na mwenzako atakuja kuwasomesha tarehe tu."

Nilirudi nyumbani nikalia, tena sana. Kisha nikaosha uso, na Alkhamisi mchana nikakaanga sambusa, nikamwambia mume wangu anipeleke Manah. Kumtembelea mama wa mwanafunzi hakukatazwi na barua yoyote.

Mama yake Azza alinipokea vizuri, akanikalisha chumba cha wanawake, akaleta tende na kahawa. Pembeni, juu ya godoro, alikuwapo mkwewe, mama yake Bwana Nasor, Bi Zamzam, mtu mzima mwenye uso mnene, anapukusa maharage. Mimi nikawa natafuta pa kuanzia, natoa sambusa kwenye chombo, naeleza kuwa nimezikaanga sasa hivi, bado za moto. Bi Zamzam akachukua moja, akaimega, akainusa. Akaniangalia.

"Iliki kwenye nyama," alisema, kwa Kiswahili. "Mwanangu, wewe wa wapi?"

Nikaweka kikombe chini. "Shikamoo, bibi. Mimi wa Wete."

"Marahaba. Mie nilikuwa Mjini Unguja, Malindi." Na akaanza kutabasamu taratibu, kama mtu anayenyoosha mguu uliokufa ganzi.

Mama yake Azza alitukodolea macho. Miaka yote katika nyumba ile hakuwahi kumsikia mkwewe akisema neno la lugha hiyo. Marehemu mume wa Bi Zamzam alitaka watoto wasichekwe, kwa hiyo waliporejea Manah Kiswahili kilifungwa pamoja na nguo za kule. Bwana Nasor alijua tu kuwa amezaliwa Unguja na kwamba walikuja kwa meli yeye mchanga. Basi.

Nikamweleza Bi Zamzam kilichonileta. Sikumficha. Nikamwambia habari ya wale mafundi wa Ufaransa, na wale wa Hispania, na kwamba mjukuu wake amekaa maktaba. Alisikiliza huku anapukusa. Nilipomaliza alisogeza lile sinia la maharage pembeni.

"Mwaka ule wa Mapinduzi," alisema, "Nasor ana miezi mitano. Baba yake kenda Dar es Salaam kutafuta bidhaa, mie peke yangu na mtoto. Jirani yangu alikuwa Filomena, Mgoa, fundi wa kushona, Mkatoliki wa kila Jumapili. Bunduki zilipoanza, alikuja akanishika mkono. Sikumwita, mwanangu. Alikuja mwenyewe. Akanivisha gauni lake, akanifunga kitambaa kichwani, akaniweka kwenye cherehani. Mtoto akamlaza kwenye tenga la vitambaa, akamvika msalaba shingoni."

Bi Zamzam akaendelea.

"Watu wakagonga mlango. Filomena akawaambia, huyu ndugu yangu, hajui kushona, namfundisha. Na kweli nilikuwa sijui!" Alicheka, machozi yanamtoka. "Nakanyaga cherehani huku nasoma Kul-huwallahu moyoni. Wakamtazama mtoto, wakaona msalaba, wakatoka. Siku tisa nilikaa pale. Siku tisa anatupikia, na yeye ana watoto wake ndani. Wangemjua, wangemuuwa."

"Na Bwana Nasor hajui?"

"Ningemwambiaje? Mtoto wa kiume wa Manah, anayesali saffu ya kwanza, nimwambie ulilala siku tisa na msalaba shingoni?" Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Niliogopa ataona haya. Sasa naona mie ndiye niliyekosea."

Bwana Nasor aliporudi msikitini baada ya Alasiri, mama yake alimwita mlangoni. Mimi nikajifunika vizuri, nikataka kuondoka. Bi Zamzam akanishika goti nisinyanyuke. Akamsimulia mwanawe kwa Kiarabu, kuanzia mwanzo, pale pale. Azza alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mkono mdomoni.

Bwana Nasor alisikiliza na kichwa chini. Mama yake alipofika kwenye msalaba, alipeleka mkono shingoni mwake, bila kujijua nadhani. Mwisho akauliza suali moja.

"Yu hai?"

"Sijui, mwanangu. Meli iliondoka, na mie hata kumuaga sikupata."

Alitoka. Tulimwona dirishani anakwenda kwenye mitende, anasimama, anarudi, anasimama tena. Tulikunywa kahawa ya pili na ya tatu. Aliporejea alisimama nje ya mlango, akazungumza na mimi kwa sauti ile ile ya chini.

"Ustadha, sura hiyo iko ukurasa wa ngapi?"

Nikamwambia.

"Azza," alisema, "lete kitabu. Tutaisoma mimi na wewe leo, skuli ikifunguliwa usiwe nyuma ya wenzako."

Hapo ndipo ningemalizia kama ningekuwa mtungaji. Lakini mimi nilikuwa mtumishi wa serikali, na barua ikishafika idarani haijui kurudi. Bwana Nasor aliandika ya pili ya kuifuta ya kwanza, wakaziweka pamoja kwenye faili, na mkaguzi akaja vile vile.

Alikuwa mama mwembamba, miwani ya chuma, daftari kubwa. Alikaa nyuma. Mudira Ghania alikaa karibu naye, anasali kimoyomoyo, nilimwona midomo. Somo la siku ile lilikuwa namna vita vya miaka thalathini vilivyokwisha. Nilikuwa nimeamua sitobadilisha hata neno. Niliwaeleza wasichana kuwa Wajerumani waliuana kwa dini na kwa ardhi na kwa tamaa za wafalme wa jirani mpaka vijiji vikabaki na mbwa tu, na walipochoka, wakakaa wakaandikiana mapatano. Nikawaeleza miji ambayo ilikuwa na kanisa moja na madhehebu mawili, na haina mtu wa kujenga la pili. Basi wakafanya ratiba. Asubuhi Wakatoliki, baadae Waprotestanti, jengo lile lile.

"Na nani alikuwa akifagia?" aliuliza mmoja.

"Hilo ndilo waliligombania," nilimjibu, na darasa likacheka, na ninadhani mkaguzi naye alijikuna pua kuficha kicheko.

Kisha mkaguzi akanyanyua kalamu. Akamnyooshea Azza, sijui kwa nini yeye, labda kwa sababu alikuwa ameinamia mbele kama anataka kuruka.

"Wewe, binti. Unatoka wapi?"

"Manah, ustadha."

"Haya ya makanisa ya Ujerumani yanakuhusu nini wewe wa Manah?"

Ndilo suali la arusini na misibani. Miaka yote ile niliogopa kuulizwa mbele ya mtu mwenye daftari.

Azza alisimama. "Yananihusu kwa sababu baba yangu yu hai," alisema.

Mkaguzi akamwashiria aendelee.

"Baba kaniruhusu kusema." Na akasema, kwa ufupi, bila kulia, bila kupamba: mtoto wa miezi mitano, mwanamke wa dini nyengine, siku tisa, mlango. "Kwenye kitabu," alimalizia, "wameandika waliouana, na mapatano ya wafalme. Hawakuandika waliofungua milango. Lakini wako, ustadha. Lazima walikuwako kila mji, kama si hivyo ule uzi wa kwenye ramani usingefika popote. Mimi nataka kuwatafuta."

Mkaguzi aliiweka kalamu chini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akafunga daftari, na akafanya jambo ambalo sijaona mkaguzi akilifanya kabla wala baada: alipiga makofi. Mudira Ghania, mchukia kelele, alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Ripoti ilikuja baada ya wiki mbili. Haikusema nihamishwe. Ilisema niwafundishe walimu wengine. Walikuja kutoka Bahla, kutoka Manah, kutoka Izki, wengine wakatumwa mpaka kutoka Ibra, pale pale nilipochekwa, na nikawa nimesimama mbele ya walimu Waarabu watupu nawaeleza kwa Kiarabu changu chenye viraka namna ya kushona nyuzi kwenye shuka. Kuna mmoja alinisahihisha sarufi. Nikamshukuru, nikaendelea. Nilikuwa na furaha isiyopungua kwa sarufi. Mwaka ule kwenye mtihani wa mwisho suali la vita vya dini lilikuja, na katika darasa langu hakuna aliyeliruka.

Bwana Nasor alimtafuta Filomena. Aliandika barua Unguja, akauliza Wagoa wa Muscat, akauliza makanisani, yeye mwenyewe, mlangoni, kofia yake kichwani. Alipata mtoto mmoja wa Filomena, mzee sasa, anaishi Ureno. Filomena mwenyewe alikuwa ameshafariki. Bwana Nasor alikwenda mpaka huko na Bi Zamzam, wakati bibi bado ana nguvu, na wale wazee wawili walikaa kochi moja wakazungumza Kiswahili cha Malindi siku tatu, na Bwana Nasor kakaa katikati hafahamu neno, kaniambia hajapata kustarehe kama vile.

Azza alisoma, akasoma tena, na angeweza kubaki popote. Akarudi Nizwa, skuli ile ile, akapewa chumba cha walimu kile kile chenye feni inayopiga kelele. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Tumebishana karibu kila siku, na mara nyingi yeye ndiye mwenye haki, nami nimemwambia hivyo mara mbili au tatu.

Wiki yangu ya mwisho nilimwomba ruhusa nikae nyuma ya darasa lake. Alikuwa anafundisha Waprotestanti wa Salzburg, waliotolewa kwao wakati wa baridi, wakatembea mji hata mji. Hakuanza kama ninavyoanza mimi. Alianza na watu wa mji mmoja wa njiani, wameketi kwenye moto, mtoto anaingia na kusema: kuna watu barabarani, mamia, wanakuja huku.

"Nyinyi ndio wenye mji," aliwaambia wasichana. "Chakula cha mpaka majira ya joto kiko ghalani, na hakitoshi. Mnafanya nini?"

Wakaanza. Mmoja akasema wafungue milango yote. Mwengine akasema wafungue na kesho watakula nini, wewe usiye na hesabu? Wa tatu akasimama, kiti kikaanguka. Mmoja akapendekeza wapokewe wenye watoto kwanza, akazomewa, akatetewa. Azza hakuwazuia. Alisimama pale na mikono nyuma, uso unang'aa, anawaachia mji wao. Walikuwa wanagombania kijiji cha Wajerumani chenye theluji, watoto wa Nizwa ambao theluji wameiona kwenye simu tu, na walikuwa wanagombania kana kwamba wale watu wameshafika mlango wa soko.

Nikachukua mkoba wangu, nikainuka. Kiti changu kilikwaruza sakafu kwa sauti kubwa. Nikapita katikati ya madawati, nikafungua mlango, nikatoka, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama.